Pikoboli: Mpira wa Kupiga na Mpira wa Kutuliza

Pikoboli ni mchezo wa kupigiana mpira wa plastiki kwa raketi juu ya wavu. Ukichezwa wawili kwa wawili, pointi nyingi za wachezaji wa kawaida haziishi kwa pigo la ajabu. Zinaisha kwa sababu mtu ameshambulia mpira ambao haukuwa wa kushambuliwa. Ulikuwa chini ya wavu, au yeye mwenyewe alikuwa bado anakimbia, au mbele yake walisimama watu wawili wenye raketi tayari kifuani. Mpira ukaingia wavuni, ukatoka nje, au ukarudi kwa kasi kuliko ulivyokwenda. Kuna na mchezaji wa namna ya pili, anayeletewa mpira unaelea usawa wa kifua na bado anaubembeleza. Tatizo lao ni moja: wote wameshaamua kabla ya kuangalia.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu utaratibu wa kuangalia. Mpira uko kimo gani, miguu yako iko wapi, wapinzani wamesimamaje. Fuata mpangilio huohuo kila mara. Kimo kikishakukatalia, hayo mengine mawili usiyaulize. Tuliza mpira, yaani urudishe taratibu uangukie karibu na wavu, pointi iendelee.

Vipimo vichache kwanza, maana maamuzi yote yanatoka humo. Uwanja una upana wa mita 6.10 na urefu wa mita 13.41, sawa kabisa na uwanja wa badminton wa wawili kwa wawili. Si ajabu: mchezo huu ulianzia mwaka 1965 kwenye uwanja wa badminton nyumbani kwa Joel Pritchard, katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani. Ukumbi wenye mistari ya badminton hauhitaji mengi kugeuzwa: unashusha wavu na kuweka utepe wa jikoni sakafuni. Jikoni ni lile eneo la mita 2.13 kila upande wa wavu ambamo huruhusiwi kupiga mpira hewani, yaani kabla haujadunda. Wachezaji wawili wakisimama kila mmoja kwenye mstari wake wa jikoni, kati yao kuna mita 4.27 tu. Kumbuka umbali huo kila unapotaka kupiga kwa nguvu zote.

Hatua ya 1: Pima kimo cha mpira

Wavu una sentimita 91.4 pembeni na 86.4 katikati. Kwa mtu mzima wa urefu wa kawaida, hapo ni karibu na nyonga. Usikisie. Kabla ya mchezo nenda ukasimame kando ya wavu, uone utepe wake wa juu unakufika wapi mwilini, kwa sababu mpira ukishaanza kutembea hutapata nafasi ya kuutazama huku unapima wavu.

Mpira ulio chini ya utepe lazima upande ndipo uvuke. Ukiupandisha kwa nguvu, utaendelea kupanda hata baada ya kuvuka, na aliye ng'ambo ataupokea usawa wa kifua na kuugandamiza chini, au atauacha utoke. Ukiupandisha taratibu, utavuka huku unashuka, uangukie jikoni kwake, na sasa yeye ndiye atakayelazimika kupiga kwenda juu. Mvutano wote wa mchezo huu uko hapo.

Gawa mwili wako sehemu tatu. Mpira unaokukuta chini ya goti ni wa kutuliza, bila mjadala. Mpira ulio juu ya utepe ni wa kupiga, na ukiuachia nafasi hiyo ipite umewafanyia wapinzani hisani. Majaribu yako kwenye ule wa katikati, kati ya goti na nyonga. Huo unaweza kushambuliwa, lakini kwa masharti: miguu imetulia, wapinzani hawako tayari, na raketi inausugua mpira kutoka chini kwenda juu ili uzunguke kwenda mbele na kushuka haraka baada ya kuvuka. Kama hujalijua pigo hilo la kusugua, uhesabu mpira wa katikati kuwa wa kutuliza hadi utakapolijua. Wapo watakaosema huo ni woga. Waache waseme, wewe endelea kurudisha.

Kimo kinachohesabika ni cha pale raketi inapoukuta mpira, si cha pale ulipofika kilele. Dinki, yaani pigo laini linaloangukia jikoni, ikidunda hadi nyonga ni nafasi yako ukiiwahi hapo. Ukisubiri hadi ishuke gotini, umejigeuza mwenyewe kuwa mlinzi. Ndiyo maana wachezaji wazuri hawapendi kurudi nyuma kusubiri dundo. Wananyoosha mkono na kuupiga hewani juu ya jikoni, jambo ambalo sheria inaruhusu mradi miguu haijagusa jikoni wala mstari wake. Angalia tu usivutwe na mwendo wa pigo lako mwenyewe: ukipiga hewani kisha msukumo ukakuingiza jikoni, umepoteza, hata kama mpira ulikuwa umeshakufa.

Hatua ya 2: Angalia miguu yako iko wapi

Mpira uleule, kwa kimo kilekile, unaweza kuwa wa kupiga ukiwa mstari wa jikoni na kuwa wa kutuliza ukiwa nyuma.

Tuanze na nyuma. Sheria ya madundo mawili inadai mpira wa kuanzisha udunde, na marudisho yake nayo yadunde, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kupiga hewani. Matokeo yake, timu iliyoanzisha inabaki imenaswa mstari wa nyuma wakati waliorudisha wanakimbilia wavuni. Anayeanzisha, basi, anaanza pointi akiwa mlinzi, na waliotoka kwenye tenisi huchelewa kulikubali hilo. Pigo la tatu, yaani pigo lenu la kwanza baada ya marudisho, ndilo linaloamua kama mtasogea mbele au mtabaki mnapigwa.

Marudisho yakiwa marefu, yakadunda karibu na vidole vyako kwenye mstari wa nyuma, dondosha mpira jikoni kwao. Kilele chake kiwe upande wako wa wavu, ili unapofika kwao uwe tayari unashuka. Marudisho yakiwa mafupi na yamedunda juu, fyatua. Lakini chagua wa kumfyatulia: mara nyingi mmoja kati yao ndiye aliyetoka kurudisha na bado yuko njiani kuelekea wavuni. Huyo hajatulia, miguu yake inatembea. Mpira wa chini kwenye miguu yake una faida kuliko mpira wa kasi kwa mwenzake aliyekwisha kusimama akisubiri.

Sasa katikati ya uwanja, pale ambapo watu wengi hupoteza uvumilivu. Hapo si pa kushambulia isipokuwa umepewa mpira wa juu waziwazi. Ukishapiga, tazama raketi ya mpinzani. Ikishuka na magoti yake yakakunjika, maana yake umemlazimisha kupiga kwenda juu, na wewe songa mbele. Ikipanda juu ya bega, simama hapohapo, jishushe, raketi mbele. Na popote ulipo, mara tu anapougusa mpira, miguu yako miwili iwe chini imetua. Mtu anayekutwa na mpira akiwa katikati ya hatua hatulizi wala hashambulii, anapapasa.

Ukiwa mstari wa jikoni mambo ni mazuri zaidi, ila jiulize bado: uzito wako uko wapi? Kama umevutwa kando hadi bega moja limeinama kuelekea mstari wa pembeni, tuliza mpira kwa kuurudisha kimshazari, upate muda wa kurudi mahali pako. Wavu ni wa chini zaidi katikati, na njia ya mshazari ni ndefu kuliko ya moja kwa moja, kwa hiyo dinki ya mshazari inakusamehe makosa madogo.

Hatua ya 3: Soma wapinzani

Kimo kimekubali, miguu imekubali. Sasa inua macho, kwa muda mfupi tu.

Raketi zao ziko wapi? Iliyoshuka pajani ni mwaliko. Iliyoinuliwa kifuani, ikielekea kwako, ni onyo. Wengi hushusha raketi baada ya dinki ya tatu au ya nne, mikono ikichoka na akili ikizoea. Kuna pia anayepiga dinki kisha anasimama wima kuitazama. Huyo apelekewe mpira mara moja.

Je, wako pamoja? Wakiwa mmoja mbele na mmoja nyuma, kuna mlango kati yao, na mlengwa ni yule wa nyuma, miguuni. Usimpigie aliye wavuni eti kwa sababu yuko karibu. Wakiwa wote mbele lakini mmoja amevutwa kando, piga katikati, kwenye ile nafasi ambayo kila mmoja anadhani ni ya mwenzake.

Na ukilenga mwili, lenga mahali raketi inapata shida kufika. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ni nyonga ya kulia na kwapa la kulia: kiwiko kinabanwa, hajui ageuze kiganja au mgongo wa mkono. Upande wake wa kushoto anaulinda kirahisi, kwa sababu raketi iliyogeuzwa mgongo wa mkono inafunika karibu kifua kizima.

Kama raketi zote mbili ziko juu, miguu yao imetulia na hakuna pengo, basi mpira wa katikati ya goti na nyonga usiushambulie. Rudi kwenye dinki. Ben Johns, aliyetawala mchezo wa kulipwa Marekani kwa miaka kadhaa, anasifika kwa subira hiyo: dinki baada ya dinki kwa sura ileile ya mkono, kisha ghafla kwa mkono uleule mpira unatoka kwa kasi. Anna Leigh Waters, aliyeingia katika mchezo wa kulipwa mwaka 2019 akiwa na miaka 12, ana tabia tofauti na hushambulia mapema. Watazame wote wawili kama unaweza, lakini usiangalie kasi yao. Angalia kimo cha mipira wanayoiacha bila kuishambulia.

Hatua ya 4: Shambulia kwa kiasi, ukisubiri jibu

Kushambulia si kupiga kwa nguvu zako zote. Kwa umbali wa mita nne na kidogo, mpira wa kasi ukirudishwa unafika kabla hujamaliza kuupeleka mkono wako mbele. Nguvu inayofaa ni ile inayokuacha uweze kurudisha raketi kifuani papo hapo. Kama baada ya pigo lako raketi imeishia begani upande wa pili, ulipiga kupita kiasi, hata kama umeshinda pointi hiyo.

Mchezaji anayeanza anashambulia kisha anasimama kutazama matokeo. Wewe shambulia ukiamini mpira unarudi. Ukimpiga aliye mbele yako, jiandae wewe. Ukimpiga wa mshazari, mwenzako ndiye anayeweza kurudishiwa mpira huo kwa kasi, kwa hiyo mkubaliane mapema kuwa hakuna anayepiga mshazari bila mwenzake kujua.

Jibu likirudi juu, endelea kupiga. Likirudi chini ya utepe, shambulio limekwisha, tuliza. Hapa ndipo kiburi kinapowagharimu watu, maana mtu akishaanza kupiga anaona aibu kupunguza. Aliyelazimika kupiga kwenda juu ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kupoza mpira, hata kama sekunde moja iliyopita yeye ndiye aliyekuwa anashambulia.

Hatua ya 5: Ukishambuliwa

Jambo la kwanza la ulinzi ni kutougusa mpira unaotoka. Aliyepiga kwa nguvu kutoka chini ya wavu, mpira wake unapanda. Ukikufikia usawa wa bega au zaidi nawe uko mstari wa jikoni, uwezekano mkubwa unakwenda nje. Uepe. Mwenzako apaze sauti "Acha!" kabla haujadunda. Neno hilo likitamkwa kabla ya dundo ni mawasiliano yenu wawili tu, si uamuzi wa mstari, kwa hiyo mpira ukija kudunda ndani na mkaurudisha, pointi inaendelea. Jizoeze hili mpaka liwe la kawaida. Wapo wachezaji ambao silaha yao yote ni kupiga mipira inayotoka na kutegemea wenzao watairudisha kwa woga.

Usioweza kuuepa, uzuie. Raketi mbele ya mwili, uso wake umefunguka kidogo kwenda juu, mkono hausogei sana. Ilegeze mikono yako, raketi ishikwe kama unavyoshika yai bichi, ili kasi ifie mkononi na mpira udondoke jikoni kwao. Ukikaza vidole, mpira unaruka na kurudi juu, na unachofanya ni kuwalisha. Kutuliza mpira wa kasi ni pigo gumu kuliko smashi yoyote, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha mchezaji wa kweli na mpiga makelele.

Mwenzako akikosea na kuwapa mpira wa juu, usibaki umeganda mstari wa jikoni kana kwamba ni nguzo. Rudi hatua moja au mbili, kisha simama kabla hawajapiga, jikunje, raketi chini karibu na magoti, kwa sababu huko ndiko smashi inakokuja. Usikutwe na pigo lao ukiwa bado unarudi nyuma. Ukirudishwa hadi mstari wa nyuma kabisa, mpira wa kuinua juu sana na mrefu unaruhusiwa, si kwa sababu utashinda nao, bali unakupa muda wa kupumua na kujipanga. Ukiinua mfupi, basi tena.

Hatua ya 6: Alama, upepo, jua

Katika hesabu ya kawaida, mchezo huenda hadi 11 kwa tofauti ya pointi 2, na timu inayoanzisha ndiyo pekee inayoweza kupata pointi. Watu wanalijua hilo lakini hawalitumii. Mnapopokea, kosa lenu linawapa wao pointi. Mnapoanzisha na mwanzishaji wa kwanza bado ana zamu, kosa lenu linawagharimu zamu hiyo tu, na mwenzake bado anaanzisha. Kwa hiyo ule mpira wa mashaka, wa kati ya goti na nyonga, ujaribuni mkiwa na mwanzishaji wa kwanza. Mkipokea wakati wapinzani wamefika 10, uacheni. Baadhi ya mashindano hutumia hesabu ambayo kila mpira unaoanzishwa una pointi bila kujali nani ameanzisha. Huko makosa yote yana bei moja na hesabu hii haifanyi kazi.

Mpira wa pikoboli ni wa plastiki wenye matundu, uzito wake hauzidi gramu 26.5, na upepo unaucheza unavyotaka. Upepo ukikujia usoni, kama ilivyo alasiri kwenye viwanja vya wazi vya pwani, unaweza kupiga kwa nguvu zaidi bila kutoka nje, ila dinki zako zitaelea na kuwa fupi. Ukiwa mgongoni mwako, punguza nguvu ya mashambulio, na usiache ovyo mipira yao ya juu, maana upepo unaizuia isitoke nje. Nao waliopewa upande wa jua machoni wapelekewe mipira ya kuinua. Si uungwana sana, lakini hakuna sheria inayokataza.

Mkiwa mnacheza mmoja kwa mmoja, legeza nusu ya yaliyosemwa hapa. Mtu mmoja hawezi kufunika mita 6.10, kwa hiyo kufyatua mpira kwenye nafasi tupu kunalipa mara nyingi zaidi, na dinki ndefu ni chache.

Hatua ya 7: Zoezi la kuamua

Kupiga mipira mingi peke yake hakukufundishi kuamua. Fanyeni hivi: wawili mnasimama kila mmoja kwenye mstari wa jikoni, mnapigiana dinki kwenye nusu moja ya uwanja. Kabla raketi haijagusa mpira, anayepiga atamke "piga" au "tuliza", kwa sauti. Mwanzoni neno litachelewa na kutoka baada ya pigo, ishara kwamba mkono ulikuwa unaamua badala ya macho. Endeleeni hadi neno litangulie.

Kisha chezeni hadi 11 kwa masharti mawili. Anayeshambulia mpira uliokuwa chini ya utepe anapoteza pointi, hata kama pigo lake limeshinda. Na anayetuliza mpira uliokuwa juu ya utepe anapoteza pia. Awepo mtu wa tatu amechuchumaa kando ya nguzo, jicho usawa wa utepe, yeye ndiye mwamuzi, maana nyinyi wawili hamtakubaliana hata mara moja. Mkizoea, mmoja arudi katikati ya uwanja na aanze kila pointi akiwa hapo, akijaribu kufika mstari wa jikoni huku mwenzake anamzuia. Badilishaneni nafasi kila baada ya pointi tano.